Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Wasikilizaji wetu wa Garsen, Minjila, Idsowe, Ngao, Tarasaa, Kipini, na nyote mlio ukingoni mwa Mto Tana, nanyi mlio malishoni na redio ndogo begani: najua betri ni ghali, kwa hivyo sitauzunguka mbuyu.

Nyumbani kwetu palikuwa na kikombe cha bati cha rangi ya samawati, ukingo umebanduka upande mmoja. Hakikuwa cha mtu. Aliyewahi chai ndiye aliyekinywea. Mwaka niliougua kifua kikuu, mama alikiteua, akakifunga uzi mwekundu wa cherehani kwenye kishikio chake, akaniambia, "Mwanangu, hiki chako." Kisha akakitundika kwenye msumari wa peke yake, mbali na vikombe vingine.

Mama hakunichukia. Usiku nikitokwa na jasho mpaka shuka ikalowa, ni yeye aliyeamka kunibadilishia. Ni yeye aliyenikorogea uji nilipokuwa siwezi kula. Ndiyo maana uzi ule uliniuma kuliko kebehi za watu kwenye steji ya magari. Tukizungumza habari za unyanyapaa hapa redioni huwa tunauvika sura ya mtu mbaya, jirani mwenye mdomo, shangazi wa fitina. Wangu mimi ulikuja kwa mkono ule ule ulionilisha.

Muuguzi alikuwa ameshanieleza. Kifua kikuu hupita hewani, mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya na mwingine akaivuta hewa ile, hasa kwenye chumba kisicho na dirisha. Hakipiti kwenye kikombe, wala sahani, wala kupeana mikono. Tena mgonjwa akishashika dawa zinazomfaa na kuzimeza sawasawa, kwa kawaida baada ya wiki chache hawezi tena kumwambukiza mtu. Dawa ni za miezi 6: miwili ya mwanzo unameza aina nne kwa pamoja, minne iliyobaki unameza aina mbili. Na moja kati ya hizo hugeuza mkojo ukawa rangi ya chungwa bivu. Hilo la mkojo sikuwa nimelisikia, au labda niliambiwa nikiwa na homa lisinikae. Siku ya kwanza nilidhani ninatokwa na damu. Nilichutama chooni nikitamka shahada.

Yote hayo sikuweza kumwambia mama. Kumwambia kikombe hakina hatia ilikuwa ni kama kumwambia hajui kulea. Basi nikanunua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nikawa naandika jioni kwa mwanga wa koroboi. Halikuwa na mahubiri. Niliandika kidonge kilivyonikwama kooni, niliandika habari ya mkojo na shahada, niliandika alivyosema muuguzi kuhusu hewa na kikombe, na niliandika kuhusu ule uzi.

Mdogo wangu, wakati huo yuko darasa la saba, alilisoma nikiwa nimelala. Sikujua. Jioni moja tumeketi mkekani, akanyanyuka, akakitungua kile kikombe msumarini, akajimiminia chai, akanywa mbele ya mama. Mama aliinuka nusu, akarudi akakaa. Hakuna aliyesema neno. Wiki ile uzi ukatoweka, na mpaka leo sijui ni nani aliyeukata.

Miaka yote niliyokaa mbele ya maikrofoni hii sijawahi kuisema habari hiyo. Leo nimeisema, na mtaona kwa nini.

Tuna methali inayopendwa sana na watu wazima wenye afya: mficha maradhi kifo humuumbua. Ni ya kweli, sikatai. Lakini itazameni inamkemea nani. Inamkemea mgonjwa. Haimuulizi jirani alifanya nini hata mwenzake akaona heri kufa kuliko kujulikana. Mtu hafichi malaria. Akiumwa kichwa anatangaza sokoni kama anayeuza maembe. Anachokificha ni kile alichowahi kuona mwingine akichekwa nacho, na hesabu hiyo huipiga kwa akili timamu kabisa. Methali ile ingekuwa na nusu ya pili, ya aliyemfanya mwenzake afiche, ningeipenda zaidi.

Siri za mwili hatuhitaji kuzitafutia mfano mbali. Uko Kipini, mto unapomwagika baharini. Fumo Liyongo, shujaa wa Shaka na Ozi, ambaye kaburi lake huonyeshwa huko Kipini mpaka leo, hakudhurika kwa mkuki wala mshale. Alikuwa na mahali pamoja tu pa kufia, kitovuni, tena kwa sindano ya shaba. Muhammad Kijumwa wa Lamu alikiandika kisa hicho kwa utendi mwaka 1913, na kabla yake kilikuwa kikisimuliwa vizazi na vizazi. Sultani wa Pate alimrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi ya mali na binti wa kuoa. Kijana akaenda akamuuliza baba yake, ni kitu gani kiwezacho kukuua? Liyongo alitambua kilichokuwa nyuma ya swali lile. Akamwambia hata hivyo. Akachomwa usingizini, akaamka, akachukua upinde wake akaenda kisimani, akapiga goti na mshale uko tayari, akafa vile vile amepiga goti. Watu wa mji wakashinda siku kadhaa hawathubutu kuteka maji, wakidhani yu hai na amekasirika.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa kuonya, usimwambie mtu siri yako, hata uliyemzaa. Mimi nakisikia vingine. Siri ya Liyongo ilikuwa na bei kwa sababu ilijulikana na mtu mmoja. Angalikuwa ameisema kila ngoma na kila karamu, Sultani angeinunua kwa nini? Mtanijibu kwamba basi kila mwenye sindano angejaribu bahati yake. Haya, sindano ni sindano. Lakini jirani aliyejua kwamba nina kifua kikuu hakuwa na shaba mkononi. Alikuwa na habari tu, na habari ile ilikuwa tamu steji kwa sababu mwenyewe sijaisema. Siku niliyoisema mwenyewe palepale steji, kwa sauti, nikingoja gari la Malindi, walicheka kidogo wakarudi kwenye mazungumzo ya bei ya mafuta.

Sasa kusema steji kunataka kifua, na kifua ndicho kilichokuwa kinaniuma. Kalamu haitaki kifua. Ndiyo tofauti ninayotaka tuizungumze leo.

Na msinipokee kama niliyeleta mambo ya kigeni. Mwaka 1858, kule Pate, mwanamke aitwaye Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utendi kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Tumeufanya utendi ule kuwa wa mawaidha ya mke kwa mume, shuleni ndivyo unavyofundishwa, na wengine wanaupinga kwa sababu hiyo. Lakini rudini mwanzoni mwake. Kwenye ubeti wa pili tu, kabla hajatoa waidha hata moja, anasema maradhi yamemshika mwaka mzima. Kwenye ubeti wa tatu anamwita mwanawe asogee, aje na wino na karatasi. Maradhi kwanza, wino baadaye, kisha ndiyo mengine. Alifariki kama miaka miwili baada ya hapo. Mimi nausoma utendi ule kama barua ya mgonjwa, na nikiusoma hivyo naona hata yale mawaidha yanabadilika sauti, yanakuwa ya mtu anayeharakisha kusema kabla pumzi haijaisha.

Ila ugonjwa wenyewe hakuutaja jina. Alisema anaumwa, hakusema anaumwa nini. Liwekeni hilo pembeni, nitalirudia.

Jirani zetu wa Uganda walilitaja jina kabla ya wengi wetu. Ukimwi ulipoingia kule walikuwa wakiuita silimu, kwa jinsi ulivyokondesha. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi kwao akatangaza hadharani kwamba ana Ukimwi. Wapo waliokataa kumwamini, wakasema anatafuta pesa. Akazunguka shuleni na makanisani, huku mwili unakwisha watu wanautazama. Disemba 15 ya mwaka huo huo akafariki. Kwa sauti yake na mwili wake alifanya jambo ambalo mabango hayakuweza, lakini alikuwa na miezi michache tu, na alikuwa nyota. Akina sisi tusio nyota tungefanyaje?

Jibu lilitoka kwa akina mama wa nchi hiyo hiyo. Katika miaka ya 1990, wanawake wa chama cha NACWOLA, wanaoishi na virusi, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Daftari tu. Ulizaliwa wapi na siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha au la. Babu yako aliitwa nani. Ulikuwa ukipenda kula nini. Baba yako aliumwa nini, na mimi ninaumwa nini. Nia yao ilikuwa mtoto asibaki bila asili mama akishaondoka. Lakini wakati wa kuandika wengi waligundua kwamba ukurasa ule wa ugonjwa ndio mgumu kuliko wote, na hawawezi kuuandika bila kukaa na mtoto na kumweleza. Kitabu kikawafungua midomo. Na wengine dawa ziliwakuta wakiwa hai, wakakaa na watoto wao wakubwa wakakisoma pamoja kile kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya msiba.

Hapa Kenya kuna Asunta Wagura. Alielezwa kuwa ana virusi mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi wa uuguzi, akaanzisha KENWA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi, mwaka 1993, na baadaye kwa miaka mingi akawa anaandika shajara yake gazetini, katika Daily Nation, wiki baada ya wiki. Nilikuwa naisoma ikishafika huku, mara nyingine ikiwa imeshafungia mahamri. Kilichonishika ni kwamba hakuwa shujaa kila wiki. Wiki hii ni habari ya mtoto, wiki ijayo ni uchovu, wiki nyingine ni mtu aliyemuudhi. Baada ya muda unasahau kwamba unasoma habari za virusi, unasoma habari za mtu. Sidhani kuna hotuba ya waziri yeyote iliyonifanya nisahau hivyo.

Tuje nyumbani. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mto ulipofura, mnakumbuka wenyewe tulivyohamia kwenye mwinuko, turubai kando ya turubai, familia tano choo kimoja. Kambini hakuna ukuta. Kila mtu anajua nani anakoroma na nani hana unga. Sasa wewe unameza dawa za virusi kila siku saa ile ile. Kopo lake la plastiki, wanaolijua watacheka, hulia kama kayamba. Ukilishika tu linapiga ngoma. Wapo wanaotia pamba ndani ili linyamaze. Wapo wanaomwaga vidonge kwenye pindo la leso na kulitupa kopo, dawa inapata unyevu, inachanganyika na nyingine, mtu hajui tena amemeza au hajameza. Wapo wanaoacha kumeza mpaka maji yapungue. Kisha tunasema maji ya mto yameua wangapi, na hao hatuwahesabu.

Dawa hizo zinatolewa bure katika hospitali za serikali tangu mwaka 2006. Anayezimeza vizuri mpaka kipimo kisivione virusi damuni hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Ni mambo yanayojulikana, yameandikwa kwenye kuta za kila kituo cha afya. Lakini sijaona ukuta ulioandikwa namna ya kulinyamazisha kayamba. Hilo analijua mwenye kopo. Akiliandika yeye, mwenzake wa kambi ya pili ataona kwamba hakuwa peke yake, na mimi nisiyemeza nitaona ninapoangusha macho yangu ninapopita karibu na turubai la mtu.

Na kuna moja ambalo hapa delta tunalificha kuliko hata hilo. Wenye watoto karibu na redio mtanisamehe. Mabusha. Hatulitaji hata jina; mwanamume atasema ana mshipa, au ana ngiri, au mgongo unamsumbua. Unamjua kwa namna anavyoketi, kwa kikoi anachokifunga mlegezo, kwa kukataa bodaboda na kutembea na jua. Sherehe ikifika hana safari. Mke akiulizwa anasema mzee yuko shambani.

Asili yake huku kwetu mara nyingi ni mbu, jamani, mbu tu. Anamwingizia mtu minyoo ya matende, myembamba kama uzi, inayokwenda kukaa kwenye mishipa ya limfu miaka mitano, sita, hata zaidi, na kuzaa. Vitoto vyake huingia kwenye damu usiku, ndiyo maana wapimaji wakija hutuamsha usiku, nasi tukawadhania wachawi. Kwa mmoja uvimbe hushukia mguuni, tukauita matende. Kwa mwanamume aghalabu hushukia kwenye korodani. Nchini Kenya ugonjwa huu uko huku kwetu Pwani, Kwale, Mombasa, Kilifi, Taita Taveta, Lamu na sisi Tana River, na dawa za kugawiwa watu wote zilianza kutolewa Pwani mwaka 2002. Hautokani na madafu. Hautokani na kutegwa kwa mke wa mtu. Na hilo la pili ndilo lililowafungia wanaume wengi ndani, maana ukisema unaumwa ni kama umekiri zinaa.

Busha hupasuliwa. Si upasuaji mkubwa, na kambi za kuufanya zimekuja Pwani mara kadhaa. Wahudumu wa afya wa vijijini wamezunguka na vipaza sauti wakitangaza, na wanaume wamekaa majumbani wakisikiliza. Kwa nini? Kwa sababu kipaza sauti hakijibu maswali yao. Nitakaa vipi kwenye gari mpaka hospitali? Nikivuliwa nguo, daktari atakuwa msichana wa umri wa binti yangu? Baada ya siku ngapi nitapiga kasia? Na lile swali la chumbani, ambalo ndilo la kwanza ingawa linatajwa la mwisho? Maswali haya anaweza kuyajibu mtu mmoja tu, aliyekwenda akarudi. Kurasa mbili za mtu huyo, zikisomwa hapa saa mbili usiku wakati mbu wanaanza, zingejaza gari la kwenda hospitali kuliko vipaza sauti vya mwaka mzima. Naamini hivyo, na nasubiri kukosolewa.

Sasa mashaka, maana yapo, na mengine ni yangu mwenyewe.

La kwanza, kuandika kunauma. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake walichapisha jaribio: wanafunzi waliambiwa waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, wengine kuhusu jambo zito lililowahi kuwapata, wengine kuhusu mambo ya kawaida. Walioandika mazito walikwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu walipoweka kalamu chini walikuwa na huzuni kuliko wenzao. Msije mkaniambia nimewadanganya. Daftari langu liliniliza.

La pili, wengi wa wazee wetu hawakuketi darasani, na wengine lugha yao ni Kipokomo au Kiorma, si hiki Kiswahili ninachowapigia. Itabidi mtu awaandikie. Mimi nilipokuwa mtoto nilikuwa karani wa mtaa, nikiwaandikia akina bibi barua za kwa watoto wao Mombasa. Nilijua nani anadaiwa na nani ameachwa, na sikuwa na umri wa kujua kunyamaza. Basi msimpe mtoto wa jirani kazi hii. Tafuta mwandishi wa kijiji kingine, mtu usiyekutana naye kisimani.

La tatu ndilo zito. Garsen ni ndogo. Ukiniandikia kwamba wewe ni fundi cherehani mwenye mguu mkubwa, kibanda chako kiko upande huu wa msikiti, jina la nini tena? Na si kweli kwamba aliyejulikana huambulia maneno tu, kama nilivyojigamba pale kwenye habari ya Liyongo. Mimi ni mwanamume, na wakati ule nilikuwa sijaoa, niko kwetu. Mwanamke anaweza kupoteza nyumba. Msichana anaweza kupoteza mchumba. Sheria ya mwaka 2006 inakataza mtu kutoa hadharani matokeo ya kipimo cha virusi cha mwenzake bila ridhaa yake, na ipo mahakama maalumu ya kusikiliza mashauri hayo, lakini mahakama hairudishi ndoa. Kwa hivyo sitamwambia mtu yeyote jitangaze. Anayewashinikiza wagonjwa wasimame mbele ya watu ili yeye apate picha ya ripoti yake, huyo naye ni muuza siri, tofauti ni kwamba analipwa kwa hundi.

Hapa ndipo narudi kwa Mwana Kupona. Yeye alitoa jina lake akaficha la ugonjwa. Mwaka 1978 mwandishi wa Marekani, Susan Sontag, alifanya kinyume chake: aliandika kitabu kizima kuhusu maneno mabaya tunayoyavika maradhi, kifua kikuu na saratani, akiwa mwenyewe ametibiwa saratani, na humo ndani hakujitaja hata mara moja. Alitoa jina la ugonjwa akaficha lake. Kwa hapa kwetu, kwa kuanzia, mimi niko na njia ya Sontag.

Na vazi la kuvaa tunalo siku nyingi. Mnakumbuka kadi za salamu? Watu walinunua kadi, wakaandika majina ya jamaa ishirini, na wao wenyewe wakajitia lakabu, wakajulikana nchi nzima kwa lakabu hiyo na hakuna aliyejua sura zao. Malenga wa kurasa za ushairi katika Taifa Leo hutia lakabu chini ya shairi mpaka leo. Hakuna aliyewahi kuwauliza wanaficha nini. Ni adabu yetu ya uandishi, tuitumie kwa maradhi.

Basi ombi langu ni hili. Chukua karatasi. Andika ugonjwa wako kwa jina lake, si mshipa, si gonjwa lile, si kukanyaga waya. Andika kitu kimoja ambacho bango la hospitali halikisemi: kopo lako, kikoi chako, kikombe chako. Usiandike kijiji, usiandike kazi, usiandike idadi ya watoto. Chini tia lakabu. Kisha iweke chini ya mto wa kulalia usiku mmoja, uisome tena asubuhi kwa macho makavu, na kama bado unataka, itie kwenye bahasha.

Langoni pa kituo chetu cha redio pana sanduku la mbao, karibu na mlinzi, na ufunguo ninao mimi peke yangu. Usiyetaka isomwe hewani, andika juu ya bahasha "isisomwe", nami nitaisoma peke yangu na kuihifadhi. Nitazisoma zilizoruhusiwa Alhamisi usiku, baada ya taarifa ya habari, na ya kwanza itakuwa kurasa tatu za daftari langu, pamoja na ile ya mkojo. Na wewe ukiileta, kisha njiani ukabadili nia, rudi uichukue. Mlinzi nimeshamwambia asiulize.